Damu inayofika kwenye msuli wa mguu: lini MRI, lini Doppler, lini mkanda wa presha

Kuna mgonjwa ambaye kila mfanyakazi wa afya wa Moshi amekwisha kumwona. Anatoka nyumbani kwenda sokoni, na kila baada ya mita mia mbili hivi hana budi kusimama, kwa sababu shavu la mguu limembana kana kwamba limefungwa kamba. Akipumzika dakika mbili tatu maumivu yanakwisha, akianza tena kutembea yanarudi palepale. Msuli wake unapofanya kazi unadai damu nyingi kuliko ile ambayo mishipa inaweza kuileta. Hilo tunalijua kwa kumsikiliza tu. Kazi ngumu ni kulipima: ni damu kiasi gani inafika, inafika kwenye msuli upi, na je, baada ya miezi mitatu ya mazoezi au baada ya kuzibuliwa mshipa imeongezeka?

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu ya kila siku ni miguu: ya wagonjwa wa kisukari, ya wazee waliovuta sigara tangu ujana, na ya vijana wanaowabebea watalii mizigo mlimani. Siku hizi naulizwa mara kwa mara, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mbinu ya utafiti na pia na watoto wa wagonjwa wanaotaka kumfanyia mzazi wao kila linalowezekana, kama ni kweli kipimo cha MRI, yaani kile cha picha za sumaku, kinaona damu ikiingia ndani ya nyama ya mguu, na kama inafaa kukilipia. Ni kweli kinaiona, na kwa namna ambayo hakuna kipimo kingine kinachoifikia. Lakini wengi wa wanaoniuliza wana swali ambalo mkanda wa presha na kifaa kidogo cha Doppler, kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, vingelijibu asubuhi moja, na wachache wana swali ambalo MRI peke yake ndiyo italijibu, tena ikiwa itafanywa kwa mpangilio maalumu. Nimeandika makala hii ili msomaji ajue yuko upande upi kabla hajatoa fedha.

Kila kipimo kina kitu chake

Anayevifahamu vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, anaijua mifongo, ile mifereji ya jadi inayoteremsha maji kutoka milimani hadi kwenye migomba. Ukitaka kujua kama kihamba cha jirani kinapata maji, unaweza kuangalia nguvu ya maji kwenye banio la juu. Unaweza kusimama kandokando ya mfereji mkubwa ukakadiria kasi yake na upana wake. Unaweza kutazama majani ya migomba kama yamenyauka. Au unaweza kwenda hadi kwenye shina ukashika udongo ukaona kama umelowa. Yote manne ni ukweli, lakini si ukweli mmoja. Mfereji mkubwa unaweza kujaa maji na shina la mwisho likabaki kavu, kwa kuwa vijito vidogo katikati vimeziba.

Mguu uko hivyohivyo. Mkanda wa presha hupima nguvu ya damu kwenye ateri za kifundo, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni. Doppler ya ultrasaundi hupima kasi ya damu ndani ya ateri kubwa, kama ile ya paja na ile ya nyuma ya goti. Vifaa vya mwanga hupima oksijeni iliyobaki kwenye tishu, yaani majani ya mgomba. MRI, kwa mbinu nitakayoieleza hapa chini, hupima damu iliyofika kwenye msuli wenyewe, kwa mililita kwa kila gramu 100 za msuli kwa kila dakika. Anayechagua kipimo bila kwanza kusema anataka kujua kipi kati ya hivi, huishia kupata namba nzuri isiyojibu swali lake.

Mkanda wa presha, na pale unapodanganya

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme mwingi wala chumba maalumu. Mgonjwa hulala chali dakika kumi, mkanda hufungwa kwenye mkono kisha juu ya kifundo cha mguu, na kifaa cha Doppler chenye umbo la kalamu, kikiwa kimepakwa jeli, huwekwa juu ya mshipa ili kusikia mapigo yanaporudi mkanda unapolegezwa. Presha ya juu, yaani ile ya moyo unaposukuma damu, iliyosomwa kifundoni hugawanywa kwa ile iliyosomwa mkononi. Mtu mwenye 104 kwenye kifundo na 140 kwenye mkono ana uwiano wa 0.74. Kati ya 1.00 na 1.40 huhesabiwa kuwa kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni mpakani, na 0.90 kushuka chini ni dalili kwamba ateri za mguu zimepungua upenyo. Kwa mzee anayesimama kila mita mia mbili, kipimo hiki ndicho cha kuanzia, wala sioni sababu ya kumpeleka kwingine kabla hakijafanyika.

Kasoro yake kubwa huonekana kwa watu walewale tunaowahofia zaidi. Alikuja mama mmoja kutoka Kibosho, mwenye kisukari cha muda mrefu, kidole gumba cha mguu kikiwa kimeanza kubadilika rangi. Presha ya kifundo ikasoma 210 wakati ya mkono ni 140, yaani uwiano wa 1.5. Kwa asiyejua, mguu ule ulionekana kuwa na damu ya ziada. Kumbe ukuta wa ateri ulikuwa umejaa chokaa, umekuwa mgumu kama bomba, na mkanda ulishindwa kuukandamiza. Uwiano unaopita 1.40 hausemi kwamba mishipa ni mizima. Unasema kwamba kipimo kimegonga mwamba. Tulipopima presha ya kidole cha mguu, ambacho mishipa yake midogo kwa kawaida haishikwi na chokaa mapema, tukapata 70, sawa na nusu ya presha ya mkono, yaani uwiano wa 0.5, wakati chini ya 0.70 tayari si kawaida. Mama yule hakuhitaji MRI ili kujua kwamba mguu wake uko hatarini. Alihitaji mkanda mdogo wa kidole na mtu wa kuusoma, na siku hiyohiyo akapewa rufaa kwa daktari wa upasuaji.

Kasoro ya pili ni kwamba kipimo hufanywa mtu akiwa amelala. Kijana anayepanda mlima na gunia mgongoni anaweza kuwa na uwiano wa 1.1 akiwa kitandani, na bado shavu la mguu likambana akiwa mwinukoni. Kwake inabidi presha ipimwe tena mara tu baada ya mazoezi, kwa mashine ya kutembelea au kwa kuinuka kwa vidole vya miguu mara kadhaa, na kama inashuka ghafla, hapo ndipo pa kuendelea kuchimba.

Doppler ya ultrasaundi: kasi ya mfereji mkubwa

Hatua inayofuata ni mashine ya ultrasaundi yenye Doppler, iliyopewa jina la Christian Doppler, aliyeeleza mwaka 1842 jinsi masafa ya mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Mawimbi ya sauti yakigonga chembe za damu zinazokimbia hurudi yakiwa yamebadilika masafa, na kutokana na badiliko hilo mashine hukokotoa kasi. Ukiijua kasi na kipenyo cha mshipa, unapata mililita za damu zinazopita kila dakika. Faida zake ni za dhahiri: mashine hubebeka, wagonjwa wengi huweza kupimwa siku moja, mtiririko huonekana pigo kwa pigo la moyo, na pahali palipoziba huonekana kwa macho, jambo ambalo daktari wa upasuaji analihitaji kuliko ramani yoyote ya msuli.

Hata hivyo, namba ya mtiririko inayotokana na Doppler ni tepetepe kuliko inavyoonekana kwenye skrini. Eneo la mshipa hutokana na kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo ateri ya milimita 6 ikisomwa milimita 5.5, mtiririko umekwisha pungua kwa asilimia 16 kabla ya kosa lingine lolote. Pembe kati ya mawimbi na mshipa nayo haisamehe: ukifanya kazi kwenye nyuzi 60 na ukakosea kwa nyuzi 5 tu, kasi hupotoka kwa asilimia 15 hivi. Nimewaona wapimaji wawili hodari wakipima mguu mmoja, dakika kumi zikiwatenganisha, wakapata matokeo yanayotofautiana kiasi cha kufuta faida yote ya mazoezi ya miezi miwili. Na hata Doppler ikipimwa kwa ustadi wote, damu inayopita nyuma ya goti haiendi kwenye msuli peke yake. Sehemu yake huenda kwenye ngozi, mafuta na mfupa, wala huwezi kujua ni kiasi gani kimeingia kwenye msuli wa juu wa shavu la mguu na kiasi gani kwenye msuli wa soleasi ulio chini yake.

MRI: kuitia alama damu yenyewe

Hapa ndipo MRI inapokuja na kitu kipya. Wengi wanajua kwamba MRI hupiga picha za goti au uti wa mgongo kwa sumaku na mawimbi ya redio. Wachache wanajua kwamba inaweza kuitia damu alama bila sindano. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na viini vya haidrojeni vya maji hayo, vikiwa ndani ya sumaku kali, huitikia mawimbi ya redio ya masafa maalumu, megahezi 64 hivi katika sumaku ya tesla 1.5 na megahezi 128 hivi katika ile ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Mwaka 1992 John Detre na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwenye ubongo wa panya, kwamba viini vya damu vinaweza kupinduliwa kwa mawimbi hayo kabla damu haijafika kwenye kiungo, kisha picha ikapigwa inapokuwa imefika. Picha nyingine hupigwa bila kuipindua. Ukiitoa moja kwenye nyingine, kila kilichotulia hufutika, na kinachobaki ni damu iliyoingia katika muda ule. Wataalamu huiita mbinu hii kwa kifupi ASL. Ni sawa na kutia rangi maji ya mfongo kwenye banio, kisha kwenda kuangalia ni shina lipi limepata rangi.

Uzuri wake ni mkubwa. Hakuna dawa ya kuchomwa, kwa hiyo mgonjwa wa figo haogopi chochote upande huo, hakuna eksirei, kipimo kinaweza kurudiwa kila baada ya sekunde chache kwa muda mrefu, na jibu hutoka kwa kila msuli peke yake. Kwa swali kama "mazoezi haya yameongeza damu kwenye msuli upi?" sijui chombo kingine kinachokaribia hapo bila kuingiza mionzi au kuchoma dawa.

Lakini msuli uliopumzika hauombi damu nyingi. Ubongo hupata mililita 50 hivi kwa kila gramu 100 kwa dakika, na hata huko tofauti kati ya picha mbili ni kama asilimia moja tu ya ishara nzima. Msuli wa mguu uliotulia hupata takriban mililita 2 hadi 5. Tofauti inayotafutwa ni ndogo mara kumi zaidi, inamezwa na kelele za mashine, na ndiyo maana ninamsihi kila mwanafunzi asipange kupima miguu iliyolala tu. Atapata ramani ya rangi nzuri isiyo na maana. Mguu lazima uchokozwe, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kuufunga mkanda kwenye paja, kuujaza upepo hadi juu ya presha ya mgonjwa, kuuacha dakika 5 kisha kuuachia ghafla, ili damu iingie kwa kishindo. Ya pili ni kumpa mgonjwa pedali isiyo na chuma kinachovutwa na sumaku, aikanyage akiwa ndani ya mashine hadi msuli uchoke au uanze kuuma.

Nilipokuwa masomoni nje ya nchi nilijitolea kupimwa kwa njia ya kwanza. Mkanda ulijaa kwa sekunde moja au mbili, ukabana paja kwa nguvu ambayo mtu haizoei. Dakika ya pili vidole vilianza kufa ganzi, dakika ya nne mguu ulikuwa mzito kama gogo ambalo si langu, na wakati wote mashine iligonga masikioni juu ya vizibo vya sauti. Mkanda ulipoachiwa, joto lilishuka kutoka pajani hadi unyayoni kama maji ya uvuguvugu yaliyomwagwa ndani ya mguu, nami bila kukusudia nikakunja vidole. Kusogea kule kwa sekunde chache kuliharibu picha kumi za kwanza, na picha hizo ndizo zilizokuwa na kilele. Tulirudia siku nyingine, mguu ukiwa umeshikiliwa kwa sponji na mkanda laini, na safari hii niliona kwenye skrini shavu la mguu wangu likiwaka msuli mmoja baada ya mwingine, kisha likififia taratibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimweleza kila anayepimwa, kabla hajaingia, jinsi joto lile litakavyokuja, kwa sababu anayelitarajia hashtuki.

Kwa mtu mwenye afya, damu hupanda upesi hadi makumi ya mililita, kisha hushuka. Kwa mwenye ateri zilizoziba, kilele huchelewa na mara nyingi hakifiki juu sana. Kazi iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuhusu wagonjwa wa aina hii ilionyesha kwamba muda wa kufikia kilele hurefuka kadiri ugonjwa unavyozidi. Mimi binafsi nauamini muda huo kuliko urefu wa kilele, na sababu yake inatokana na udhaifu mkuu wa mbinu yenyewe.

Udhaifu huo ni kwamba alama inayotiwa damuni haidumu. Katika sumaku ya tesla 3, kila sekunde 1.6 hivi zikipita hubaki zaidi kidogo ya theluthi moja ya alama iliyokuwapo, maana yake baada ya sekunde 5 imebaki kama asilimia 5 tu. Katika sumaku ya tesla 1.5 hufifia upesi zaidi. Mtu mwenye ateri nzima hana shida, kwani damu yake hufika mapema. Yule ambaye ateri yake imeziba, na damu inazunguka kwa vijia vya pembeni vyembamba, hupata damu iliyochelewa. Rangi imekwisha pauka kabla haijafika shinani, na mashine inasema damu haikufika. Kwa maneno mengine, MRI ya aina hii huweza kupunja namba ya mgonjwa aliye mahututi kuliko ya aliye na nafuu. Kinyume chake, ikiwa picha itapigwa mapema mno, damu yenye alama ambayo bado imo ndani ya ateri kubwa huhesabiwa kana kwamba imeingia msulini. Mchambuzi mwangalifu huyatenga maeneo ya mishipa mikubwa kwa mkono, msuli kwa msuli, na hiyo ni kazi ya saa nyingi ambayo haipo kwenye ankara ya hospitali.

Ndugu wa jamii moja

Ndani ya mashine hiyohiyo kuna mbinu nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. Moja hutumia dawa ya gadolinia inayochomwa kwenye mkono, kisha picha za haraka hufuata dawa inapoingia kwenye msuli. Ishara yake ni kali, inafaa sana kwa picha za ateri zenyewe, lakini huwezi kuirudia kila dakika, na tangu mwaka 2006 inajulikana kwamba baadhi ya dawa za aina hii, hasa za zamani, zinaweza kuleta ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo vya ndani kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Katika kliniki zetu za kisukari, ambako figo na miguu huharibika pamoja, hilo si jambo la kupita juujuu: kipimo cha figo kitangulie sindano.

Nyingine hufuata oksijeni. Damu iliyokwisha toa oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku, na Seiji Ogawa aliitumia tabia hiyo mwaka 1990 kupata picha. Ni ya haraka, haihitaji sindano, na mabadiliko yake baada ya mkanda kuachiwa ni makubwa na rahisi kuonekana. Ila inapima mchanganyiko wa damu iliyoingia, oksijeni iliyotumiwa na damu iliyojaa kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni; ikipanda, huwezi kuapa ni kipi kimeipandisha. Ya tatu hupima kasi ya damu kwenye ateri kubwa, na kwa kazi hiyo Doppler inatosha kwa gharama ndogo zaidi, isipokuwa kwa mtu ambaye mshipa wake haufikiki vizuri kwa ultrasaundi.

Vifaa vya mwanga na kamba ya kupima uvimbe

Vifaa vya mwanga wa karibu na mwekundu hubandikwa kwenye ngozi ya shavu la mguu na kusoma oksijeni mtu akiwa anatembea, jambo ambalo MRI haiwezi. Kwa mpagazi anayepimwa kwenye mteremko, vinavutia. Hata hivyo mwanga hufika sentimita moja na nusu hivi tu, ukikutana na tabaka nene la mafuta haufiki msulini kabisa, na melanini ya ngozi nyeusi humeza sehemu yake. Tumekwisha ona vifaa vya kupima oksijeni kidoleni vikionyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa watu wa rangi yetu. Anayenunua kifaa cha msuli aulize kwanza kilijaribiwa kwa nani, kisha amlinganishe mtu na yeye mwenyewe tu, asimlinganishe na mwingine.

Njia kongwe kuliko zote hizi, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, ni ya kufunga paja kwa presha ndogo inayozuia vena lakini si ateri, kisha kupima mguu unavyovimba. Inampa mtafiti mtiririko wa mguu mzima kwa gharama ndogo, wala haistahili kudharauliwa kwa sababu ya umri wake.

Basi, uchague nini

Ikiwa unamtunza mzazi mwenye maumivu ya miguu akitembea, anza na mkanda wa presha na Doppler ya mkononi, na kama ana kisukari omba presha ya kidole cha mguu. Kama matokeo ni mabaya na kuna mpango wa kuzibua, ultrasaundi ya mishipa ndiyo inayofuata, na picha ya ateri kwa CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) au kwa MRI itaamuliwa na daktari wa upasuaji kulingana na figo na chokaa. Kupima damu ndani ya msuli kwa MRI hakutabadilisha matibabu ya mzazi wako hata kidogo, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwa viatu vinavyostahili, dawa, na nauli ya kuhudhuria mazoezi ya kutembea kwa miezi mitatu.

Ikiwa wewe ni daktari mwenye kijana ambaye miguu inambana mlimani na mapigo ya kifundo ni mazuri, presha ya baada ya mazoezi itangulie. MRI hapa ina nafasi, lakini ile ya kawaida ya kuonyesha maumbile, kwa sababu inaweza kuonyesha msuli unaoikandamiza ateri nyuma ya goti, na kijana anaweza kupimwa goti likiwa limenyooka na mguu ukisukuma unyayo chini.

Ikiwa wewe ni mtafiti, swali lako likiwa ni mtiririko wa mguu mzima, usijitie katika MRI. Chukua Doppler, mpimaji mmoja asiyebadilika, na umpe muda wa kujizoeza. Swali lako likiwa ni mishipa midogo ndani ya msuli fulani, kwa mfano kama mazoezi yameifungua kwa mgonjwa ambaye ateri kubwa hazijabadilika, hapo MRI ya kutia damu alama inastahili kila shilingi, kwa masharti. Uliza nguvu ya sumaku: mashine za wazi zenye sumaku hafifu, za chini ya tesla 1, ni nzuri kwa goti na mgongo lakini hazifai kwa kazi hii, tesla 1.5 ni ya kujikakamua, na tesla 3 ndiyo ya kutafutwa. Uliza kama programu ya mbinu hiyo imewekwa, kwa kuwa mara nyingi huuzwa peke yake, na hata ikiwapo imepangwa kwa ajili ya ubongo, ikidhani kwamba damu inatiwa alama shingoni. Bila mtu wa kuihamishia mguuni, mashine ya thamani kubwa haitakusaidia. Uliza pia kama chumba kinaruhusu mrija mrefu wa upepo wa mkanda kupita ukutani, maana pampu yenye chuma haiingii humo.

Katika maswali ya usalama, yaongeze ya kwetu. Fundi wa kuchomelea kutoka gereji za Arusha aulizwe kama chembe ya chuma iliwahi kumwingia jichoni, hata kama ilikuwa miaka ishirini iliyopita. Shanga za Kimaasai nyingi zimetungwa kwa waya, na ni lazima zivuliwe, tena kwa heshima na mahali pa faragha. Akina mama waombwe kufungua pindo la kanga, kwa sababu sarafu iliyofungwa humo husahaulika.

Kabla hujaingiza mgonjwa wa kwanza, wapime watu kumi wazima mara mbili, siku mbili tofauti, saa ileile, bila kahawa asubuhi na bila kupanda ngazi kwa haraka kuwahi miadi, na chumba kikiwa na joto lilelile, kwa sababu mguu uliotoka kwenye baridi ya Julai hauitikii kama ule wa Februari. Tofauti utakayoipata kati ya siku hizo mbili ndiyo itakayokuambia unahitaji wagonjwa wangapi. Na katika daftari, pamoja na presha ya mkanda na upana wake, andika sekunde zilizopita kati ya kuachia mkanda na picha ya kwanza, kwa kila mtu, kila siku. Bila namba hiyo huwezi kusema kama kilele kilichelewa mguuni au kilichelewa mkononi mwa aliyekuwa ameshika pampu.